Nilisema Ukunga, Yeye Akasikia Ukunga

Alhamisi, jioni. Ukungu tangu asubuhi, jua halijaonekana hata kwa kuchungulia. Nimevaa masweta mawili na bado pua imeganda.

Shajara yangu,

Leo nimeamka nikidhani ziwa limenifuata.

Nilifungua dirisha la bweni nikakuta bonde lote la huku nyuma limejaa weupe, umetulia tuli, vilele vya miti vimetokeza juu yake kidogo tu. Nilisimama pale na kanga yangu mabegani nikisubiri kusikia maji yanapiga mchanga. Nilisubiri kweli, kwa moyo wote, na kwa muda mfupi nilikuwa nyumbani Lituhi, ufukweni, na kulikuwa na joto. Kisha jogoo wa jirani akawika, Imelda akanifokea kutoka chini ya blanketi nifunge dirisha, na nikakumbuka kwamba niko Mbinga mlimani, kwenye chuo cha uuguzi na ukunga, na kwamba jana nimemuua mtu.

Si mtu wa kuzikwa. Ni Madamu Ndunguru, mwalimu wetu, na asubuhi hii nimemkuta ofisini kwake anakunywa chai kwa viazi vya kuchemsha.

Ngoja nieleze vizuri, nisije nikaisoma hii mwakani nikajitisha mwenyewe.

Tuna chumba cha mazoezi hapa chuoni, chenye kitanda, pazia, meza ya vifaa na mtoto wa plastiki. Madamu hulala kitandani na kuvaa tumbo la mpira ambalo ndani yake kuna mfuko wa maji mekundu. Yeye ndiye anakuwa mama aliyejifungua sasa hivi. Ana kifungo chake pembeni, anakiachia taratibu, na damu inaanza kutoka, kidogo kwanza, halafu nyingi. Mwanafunzi unakuwa naye peke yako. Wenzako wawili wamesimama nyuma ya pazia na dawa na dripu zote, lakini sheria ni kwamba hawaingii mpaka waitwe. Jambo la kwanza kabisa unalotakiwa kufanya ukiona damu imezidi, kabla hujagusa chochote, ni kuita watu kwa sauti kubwa.

Jana ilikuwa zamu yangu. Nyuma ya pazia alikuwa Imelda, ambaye ndiye rafiki yangu hapa, Mmatengo wa hukuhuku Mbinga, na mwenzetu mmoja mwingine.

Nikaingia. Na jambo la kwanza nililofanya mimi, nikiwa nimevaa glovu, mbele ya mgonjwa ambaye tumeambiwa ni binti mdogo wa uzazi wa kwanza, ni kupiga goti na kusema, "Shikamoo."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anabana kicheko. Madamu naye, Mungu amjalie, akajikunja kwa uchungu na kuitikia, "Marahaba," kwa sauti ya mgonjwa.

Sasa ningefanyaje? Ni Madamu Ndunguru! Ana umri wa mama yangu. Hata akivaa tumbo la mpira, hata akijiita binti, kichwa changu hakikubali.

Damu ikaanza. Na hapa lazima nijisifu kidogo: mikono yangu ilijua kazi. Mkono mmoja juu ya tumbo ukisugua mfuko wa uzazi mpaka ukaze, mwingine unafikia sindano, macho yanaangalia kondo la nyuma kama limetoka lote. Nilikuwa naona kila kitu wazi kabisa, utadhani niko chini ya maji safi. Nilijua kinachofuata na kinachofuata tena. Ila sauti haikutoka. Nilisema, "Imelda." Nikasema tena, "Imelda, njoo." Naapa nilisema. Imelda anasema yeye alisikia maji tu yanadondoka kwenye beseni, akadhani bado nasalimia.

Mikono miwili haitoshi kwa damu ile. Lazima wawepo wengine, na wengine walikuwa hatua chache tu kutoka nilipo, wamesimama na dripu mkononi wakisubiri kusikia majina yao. Mkono wa Madamu ukateleza kutoka kitandani, ukaning'inia.

"Amefariki," Madamu akasema mwenyewe, macho yamefumbwa. Kisha akakaa, akaomba taulo.

Shajara, wenzangu walicheka na mimi nikacheka nao. Lakini ule mkono ulioning'inia nimetembea nao mpaka leo.

Zamani, baada ya zoezi mlikuwa mnakaa duara na mwalimu mnafanya tafakuri: nini kimetokea, ulijisikiaje, ungefanya nini tofauti. Siku hizi tumekuwa wengi na Madamu ni mmoja, kwa hiyo chuo kimetuwekea roboti ya kuchati kwenye simu. Unaiandikia yaliyotokea, inakuuliza. Haikupi maksi wala haikwambii umekosea wapi, inauliza tu. Ukimaliza, ukitaka unamtumia Madamu mazungumzo yako, usipotaka unabaki nayo. Sisi wanafunzi tumeipa jina Swali. Unasikia mtu anasema bwenini, "Niacheni, Swali ananisubiri," utadhani ni mchumba.

Sikumpenda tangu mwanzo, niseme ukweli. Mtu gani huyo, umwambie jambo zito namna hiyo, naye anakurudishia swali? Kwetu mtu ukimweleza shida yako anaguna kwanza, anasema "pole", anakaa kimya kidogo na wewe. Swali hana kuguna.

Basi jana jioni nikakaa kwenye ngazi za bweni, sweta nimelivuta mpaka kwenye vidole, nikamwandikia. Nikamweleza damu, kondo, sindano, pazia. Nikafika kwenye kiini chenyewe nikaandika, "Nilishindwa kupiga ukunga." Simu yangu kwanza ikaligeuza neno ikaandika ukungu. Nilishindwa kupiga ukungu! Nikafuta, nikaandika upya, nikatuma.

Swali akajibu hivi: "Asante kwa ukweli wako, Monika. Umesema umeshindwa ukunga. Ni lini ulianza kuhisi kwamba kazi hii si yako?"

Nikasimama palepale kwenye ngazi.

Maana sikuwa nimesema hivyo. Au nilikuwa nimesema? Nikaisoma mara ya pili, ya tatu, giza linaingia na ukungu unapanda kutoka bondeni. Umeshindwa ukunga. Mtu ambaye hanijui, ambaye si mtu hata, ameniangalia mara moja na kuona kitu nilichokificha chini kabisa. Ndivyo nilivyodhani. Na kwa kuwa nilidhani ameona, nikafungua mlango wote.

Nikamwandikia kwamba nilianza kuhisi tangu mwaka wa kwanza. Kwamba mimi nimetoka nyumba ya watu wapole, baba akiongea unamsogelea ndipo umsikie. Kwamba kwetu, nyumba yenye mzazi haipigiwi kelele. Shangazi alipojifungulia nyumbani, Mama alituambia hata sufuria tuziweke chini polepole, jogoo akafukuzwa uani, na mtoto akazaliwa kwenye ukimya ambao mpaka leo nikifumba macho nausikia. Ndicho kilichonifanya nipende kazi hii. Nilipenda ukimya ule. Hakuna aliyeniambia kwamba siku nikivaa gauni jeupe nitatakiwa kuupasua.

Nikamwambia pia kwamba mjomba wangu ana duka la nyavu Mbamba Bay na alishasema kuna nafasi yangu siku yoyote.

Swali akauliza: "Duka la nyavu lingekupa nini ambacho ukunga haukupi?"

Nikaandika, "Hakuna anayekufa dukani."

Nikaenda kulala na uamuzi umeshaiva. Asubuhi nitamwambia Madamu naacha. Nilijiona hata nimekaa kwenye lile duka, upepo wa ziwa unapita mlangoni, nyavu za bluu zinaning'inia mpaka chini, na mimi napima kamba kwa mkono, sina wasiwasi na mtu. Ilikuwa ndoto nzuri. Sikulia hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Asubuhi hii nikaenda. Ndipo nikamkuta Madamu na viazi vyake.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, Monika. Umekuja kunizika?"

Nikatabasamu tu. Akanionyesha kiti, sikukaa. Akasema kesho asubuhi narudia zoezi. Nikipita, Jumatatu nashuka na kundi letu kwenye mafunzo ya vitendo kwenye kituo kimoja cha afya cha ufukweni, karibu kabisa na kwetu. Nisipopita, wenzangu wanashuka, nabaki hapa mlimani na yeye mpaka nitakapoweza. Akaniambia hilo bila ukali wowote huku anamenya kiazi.

Mama ameshatangazia kwaya nzima kwamba nakuja na gauni jeupe. Amenipigia simu kuniuliza kama nitapata ruhusa ya kuja kanisani nalo, watu wanione.

Yote niliyokuwa nimepanga kumwambia Madamu yalikuwa hapa kooni, yamejipanga vizuri. Nikasema, "Ndiyo, Madamu," nikaondoka. Angalia sasa! Hata kusema naacha nilishindwa. Sauti ileile iliyonikimbia mbele ya damu ikanikimbia mbele ya viazi.

Mchana nikamkuta Imelda bombani anafua. Nilitaka ajue kabla ya wengine, lakini kusema nimeshaona siwezi, kwa hiyo nikampa simu asome mwenyewe niliyoandikiana na Swali. Akajipangusa mikono kwenye sketi akasoma. Mwanzoni uso ulikuwa umenyooka, nikajua ameumia. Halafu midomo ikaanza kumcheza. Halafu akakaa chini kabisa, kwenye zege lenye maji, akicheka mpaka machozi.

Nikakasirika. Nikamwambia, "Sasa kinachokuchekesha ni nini?"

"We Monika! Nani kakwambia umeshindwa ukunga?"

"Si nimeandika mwenyewe."

"Umeandika kupiga ukunga. Kupiga! Ukunga wa kelele! Na hili liroboti limeelewa ukunga ule wa kwenye kibao cha getini!" Akapiga paja. "Nyie watu wa ziwani na maneno yenu. Si useme yowe kama binadamu wengine?"

Nikamnyang'anya simu nikasoma tena.

Ni kweli. Mama yangu hasemi yowe, husema ukunga. Alilitoa wapi sijui, labda kwa wachuuzi wa usipa, dagaa wetu wa ziwani, waliokuwa wanafikia kwetu, ila ndilo neno nililokulia nalo. Mtu akilia kuita watu, amepiga ukunga. Nikaandika neno la Mama, na Swali akasoma neno la chuo. Usiku mzima nimeacha kazi, nimehamia Mbamba Bay, nimeuza nyavu, kwa sababu ya neno moja lililosomwa upande mwingine!

Nilicheka na Imelda mpaka mbavu zikauma, kisha nikalia kidogo, palepale, na yeye akaguna na kusema, "Pole, Mnyasa wangu." Hiyo sasa ndiyo tafakuri.

Lakini baadaye nilipobaki peke yangu, lile neno halikuniacha. Nilikwenda mpaka getini kukiangalia kibao chetu, ukungu umekilowesha herufi zinatiririka. Uuguzi na Ukunga. Nimepita chini yake kila siku tangu nifike na sikuwahi kusikia kelele ndani yake. Sijui wataalamu wa lugha wanasemaje, huenda ni maneno mawili yamegongana tu barabarani na hayana undugu wowote. Ila nilisimama pale baridi inaniingia shingoni nikiyasema yote mawili kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, na mdomoni mwangu hayakuwa na tofauti. Kazi ile na kelele ile. Mkunga anapiga ukunga. Nilijisikia mwepesi, na nikajisikia mjinga, na nikaanza kucheka mwenyewe hadi mlinzi akatoka kibandani kuniangalia.

Nikamwandikia Swali kumsahihisha. Nikamwambia ukunga niliousema ni wa kelele, yowe, si kazi. Akajibu bila hata kuona aibu: "Asante kwa kunisahihisha, nilichanganya maana. Naomba niulize upya. Kwenu, ukunga ukipigwa, nini hutokea?"

Nikaandika haraka, maana hilo nalijua: "Watu wanajua kuna msiba."

"Na wakishajua, hufanya nini?"

Nilibaki nimeishika simu mpaka kioo kikazima.

Kwa sababu nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa kwetu ufukweni, mdogo, na mbele yangu kuna vichanja vya usipa vinameta, na Mama ameinama anageuza samaki kwa kiganja. Mdogo wangu Fidelis alikuwa anacheza majini, alikuwa anafukuza kibuyu kilichokuwa kinaelea. Sikuona alivyopotea. Nilichoona ni Mama anasimama. Akaweka mkono tumboni, akafungua mdomo, na ikatoka sauti ambayo sikujua kama Mama anayo, yule Mama wa sufuria polepole. Niliziba masikio kwa mikono miwili nikachuchumaa mchangani. Miaka yote hii nikikumbuka siku ile nakumbuka ile sauti tu, nasikia ubaridi, nageuza kichwa upande mwingine.

Leo sikugeuza. Leo niliiacha iendelee, na ndipo nikaona yaliyofuata, ambayo nayo yalikuwepo siku zote. Wanawake wanaviacha vichanja, wanakimbia kanga zinawavuka. Katekista anatoka nyumbani kwake povu la sabuni likiwa bado shavuni. Mtu mmoja aliyekuwa kwenye mtumbwi, mbali, anageuza na kupiga kasia kwa nguvu, anapiga, anapiga, anainama, anamvuta Fidelis kwa ukosi wa shati. Fidelis akatapika maji. Jioni yake akala ugali wa muhogo na akaomba aongezewe.

Siku ile hakufa mtu. Waliokwisha ni usipa tu, walioliwa na kunguru wakati hakuna aliyebaki kuwafukuza. Fidelis sasa hivi anaendesha bodaboda Mbamba Bay na anaongea kuliko redio.

Nilikuwa nimeiweka ile sauti kwenye kabati la vifo, shajara, na haikuwa ya huko. Niliumia kugundua hivyo. Nilimwonea huruma Mama, kwamba alifanya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, na mimi nikaziba masikio.

Basi nikaamua nitaijaribu. Peke yangu, mahali ambapo hakuna mtu, ili kesho isiwe mara ya kwanza.

Alasiri ukungu ulikuwa mzito kuliko wa asubuhi. Nikachukua njia ya nyuma ya bweni inayopita kati ya miti ya kahawa ya watu na kushuka kwenye mashimo ya ngoro, yale ya Wamatengo ya kuzuia maji mlimani, yamevunwa yamebaki mabua. Nilikuwa sioni hatua kumi mbele yangu. Matone yanadondoka kutoka kwenye majani, udongo unanukia, na kila kitu kimekaa kimya, ule ukimya wa nyumba ya mzazi. Nikasema hapa ndipo. Ukungu wote huu utaimeza sauti, itafia humuhumu, hakuna atakayejua.

Ndivyo anavyofikiri mtu wa ziwani. Milima siijui mimi.

Ya kwanza ilitoka kama ya mbuzi mwenye mafua. Nikaona aibu mbele ya miti ya kahawa. Ya pili ikawa afadhali kidogo, ila ilikuwa bado na adabu, ilikuwa inabisha hodi. Nikafumba macho. Nikamleta Mama mbele yangu, alivyosimama. Nikaweka mkono tumboni palepale alipouweka yeye, nikavuta ule ubaridi wote mpaka chini, nikauachia.

"Jamaniii! Njooniii! Njooni jamaniii!"

Haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya Mama, na pengine ya mama yake. Iliondoka ikaingia kwenye ule weupe, nikaisikia inakwenda, inagonga mlima wa pili, inarudi, inapita juu ya kichwa changu kwenda upande mwingine. Sijawahi kuwa na kitu kikubwa namna ile ndani yangu. Nilisimama, macho bado nimefumba, nina furaha ambayo siwezi kuieleza, na ukimya ukarudi.

Kisha nikasikia matawi yanavunjika.

Walitokea kwenye ukungu mmoja mmoja. Wa kwanza mama mmoja wa makamo, mchuma kahawa, kikapu bado kimefungwa kiunoni. Nyuma yake wengine, mmoja na mtoto mgongoni. Mzee anaruka ngoro kwa ngoro na panga mkononi. Mlinzi wetu wa getini na rungu. Imelda, miguu mitupu, povu la sabuni mpaka viwikoni. Na wa mwisho, anapumua kwa shida, kitenge amekifunga juu ya sketi na kiatu kimoja amekipoteza huko alikotoka, Madamu Ndunguru, marehemu wangu wa jana, anakimbia.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Yuko wapi? Yuko wapi mtu?"

Wote wameniangalia. Na mimi nimesimama katikati ya kahawa, sina damu, sina nyoka, sina kitu. Jamani, ardhi ya Mbinga ningeiomba inifunike.

"Hakuna," nikasema. "Nilikuwa najaribu."

"Unajaribu nini?" akauliza yule mama wa kikapu.

"Kuita."

Nilisemwa, shajara. Nilisemwa kwa Kiswahili na kwa Kimatengo, na Kimatengo sikijui lakini siku ya kusemwa unakielewa chote. Na walikuwa na haki. Mtu hachezei kitu kile. Watu wameacha kazi, mioyo imewapanda, yule mama kahawa yake nusu imemwagika njiani anavyokimbia. Nikapiga magoti nikawapa shikamoo wote na kuwaomba radhi mmoja mmoja, hata mlinzi ambaye tunalingana umri. Imelda alikuwa ameugeukia mti, mabega yanamtikisika, na haikuwa kwa kulia.

Tulirudi njiani na yule mama, tukaokota kahawa yake punje kwa punje kwenye majani yaliyolowa, na Imelda akasaidia. Mkono wa mama yule ulikuwa na kasi kuliko yetu sote. Baada ya muda hasira ikamwisha, akaniuliza nasomea nini pale chuoni.

"Ukunga," nikasema.

Akaniangalia, akaguna. "Binti yangu ana mimba kubwa," akasema. Akaendelea kuokota.

Madamu alikuwa bado amekaa kwenye ukingo wa ngoro, mkono kifuani, anasubiri pumzi irudi. Nilidhani atanifokea. Nilipomletea kiatu chake, tope limejaa ndani, akakipokea, akakikung'uta, akakivaa bila haraka.

"Nilikuwa nasahihisha madaftari," akasema. "Nikajikuta niko huku." Akainuka. "Kesho, Monika. Hivyo hivyo."

Sasa ni jioni na ninaandika haya kitandani, blanketi mpaka kidevuni. Nje hakuna mlima wala bonde, kuna weupe tu na sauti ya mtu anapasua kuni mahali nisipopaona. Bado nawaona wanavyotokea. Kila nikifumba macho ukungu unafunguka na mtu anatoka, na nyuma yake mwingine, na wote wanauliza yuko wapi, yuko wapi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanza ni nani anayeita. Wengi wao hawanijui hata jina.

Swali alikuwa bado ananisubiri kwenye simu na lile swali lake la mchana. Wakishajua, hufanya nini? Nikamjibu kwa neno moja, "Huja." Akanishukuru, akaniuliza jibu hilo linanifundisha nini kuhusu zoezi langu. Nikamzima. Ana bidii sana, ila leo yametosha.

Simpi sifa zote, alikosea. Lakini kosa lake limenisaidia: mtu anayekuelewa haraka haraka hakupi sababu ya kulirudia neno lako mara ya pili.

Tatizo ni moja: sauti imekauka kabisa. Nikiongea inatoka hewa tupu. Imelda ameniletea maji ya moto ya chumvi nisukutue na amenikataza kusema chochote mpaka asubuhi, hata usiku mwema. Anasema akikosa kunisikia tena kesho, safari hii ataniua yeye. Tangu hapo tunaongea kwa ishara, yeye akicheka peke yake.

Duka la mjomba bado lipo na nyavu bado ni za bluu. Litapata mtu mwingine.

Kesho Madamu atalala tena kitandani na tumbo lake la mpira. Naijua nafsi yangu, nitampa shikamoo, hilo halina dawa. Kisha ataachia kifungo, maji mekundu yataanza, kidogo kwanza. Nitaweka mkono tumboni kabla sijagusa kitu. Sijui itatoka sauti gani, ya Mama au ya mbuzi. Itakayotoka itatosha.

Nyuma ya pazia kuna watu. Wanachosubiri ni kusikia tu.